Unga wa mbao kwenye kahawa ya bibi yako

Mjukuu wangu, huku Kibeta tu wazima. Umeuliza vumbi la mashine yako ya kuchonga ulizuie vipi. Usimsikilize baba yako, hadithi ya bibi yako na unga wa mbao wote wanaikosea.

Zamani, kijiji kizima cha Kagoma fundi seremala nilikuwa mimi, na mashine yangu ya kuchonga ya kukanyaga kwa mguu. Ila unga wa mbao uliangukia kahawa ya bibi yako iliyoanikwa mkekani. Akasema, “Wewe fundi, kahawa au mashine, chagua!” Kisha akawa anaangalia tu unga unarukia wapi. Akaloweka gunia, akalitundika palepale. Unga wote ukanasa! Mwanamke yule ana akili, bwana. Nikampigia makofi mbele ya majirani.

Basi na wewe anza kwa kuangalia.

Makofi nimetunga. Nilinuna siku mbili.

Babu yako