Vidange ya Jaël Imesogezwa Mbele

Kikula, Likasi,
Tarehe 12 Mei 2024.

Mpendwa dada yangu, Yaya Berthe,

Pokea salamu za mdogo wako. Mwandiko huu ukikushinda kusoma, usifikiri naumwa, ni mkono tu umesahau kalamu. Hamjambo huko Ndola? Shemeji Kalenga anaendeleaje na presha yake? Na wewe, magoti yamepoa, au bado unapanda ngazi za kanisa ukiimba na kuguna kwa pamoja? Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonisumbua wakati wa mvua kimeniacha, nakula, na usingizi ninao. Namshukuru Mungu kwa hayo.

Barua hii nimempa Mama Mado, jirani yangu anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila mara kufuata unga. Mpe chai, lakini usimuulize habari zake kabla hajamaliza kunywa, maana akianza hanyamazi. Najua ningeweza kukupigia simu. Shida ni kwamba kwenye simu wewe huuliza na kujibu mwenyewe, na mimi hukata nikiwa sijasema lile nililotaka kusema.

Huku baridi imeanza na vumbi limerudi. Kaburi la mama yetu nililifyeka kabla ya Pasaka na kulipaka chokaa. Ule ufa ulioniambia niuzibe nimeuziba, kwa hiyo hapo usinigombeze.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae mezani. Unajua mwanangu Jaël ni dereva wa Mukendi, yule mwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima vya maji upande wa Mitwaba. Anaendesha gari la dizeli linalobeba mabomba na wafanyakazi. Labda sikukuambia kwamba tangu nilipostaafu, mimi ndiye ninayelifanyia gari hilo vidange. Linaletwa uani kwangu, namwaga mafuta ya moteri yaliyochakaa, nabadilisha filtre inayoyachuja, natia mafuta mapya. Mafuta yanayouzwa kule porini Mukendi hayaamini. Kwa hiyo kila likitimiza kilomita elfu tano, gari lilikuwa lazima lirudi Likasi, na Jaël alirudi nalo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nampata mwanangu, Yaya. Noeli anaweza kukosa, Pasaka anaweza kukosa, vidange hakosi. Akipata réseau ya simu na kunipigia, namuuliza kilomita kabla ya kumuuliza afya. Yeye alifikiri ni ufundi unanisumbua. Kumbe nilikuwa napiga hesabu ya siku ya kwenda sokoni kununua samaki wa Kapolowe, wale anaowapenda.

Nikuambie na jambo la kuchekesha. Kumwaga mafuta ni kazi ya nusu saa, hata kwa mzee. Mimi nilikuwa naimaliza kwa siku nzima. Nilimwambia mafuta lazima yachuruzike yenyewe mpaka tone la mwisho, kisha nikakumbuka kukaza mkanda, kisha nikaona breki inahitaji kuangaliwa. Yeye analala ndani, mimi niko chini ya gari, na nyumba ina mtu. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Mwezi wa pili Mukendi alikuja na mafuta ya aina nyingine, ya bei kubwa, aliyoyanunua Lubumbashi. Alisema yanaweza kufika kilomita elfu kumi kabla ya kubadilishwa. Nilikataa palepale. Nilimwambia kule kuna vumbi, mazout yao, hiyo dizeli, ni chafu, na moteri inabaki ikiunguruma muda mrefu wakati wanashusha mabomba. Yote hayo ni kweli, fundi yeyote angeyasema. Lakini nilipokuwa nayasema moyo ulikuwa unanidunda, na mafuta peke yake hayajawahi kunidundisha moyo.

Mukendi si mtu wa pupa. Aliyajaribu mafuta hayo kwanza kwenye gari lake mwenyewe, akapeleka kichupa kwenye laboratwari, wakamjibu kwamba hata baada ya kilomita nyingi bado yana nguvu. Akaniletea majibu. Nikavaa miwani, nikayasoma, nikasema bado nakataa. Nikaongeza maneno kuhusu mabosi wanaopenda kubana matumizi mpaka moteri inalia. Nilikuwa mkali, Yaya, unanijua nikishaanza.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole: "Papa Godefroid, haiko minye nilitaka ile. Ni Jaël njo aliniomba."

Nikamuuliza aliomba nini. Akanieleza kwamba barabara ya kutoka kule inamchosha, siku mbili za kuja na siku mbili za kurudi kwa ajili ya kulala kwangu usiku mmoja. Mwezi wa kwanza alikwama kwenye matope akiwa peke yake, akalala ndani ya gari mpaka lori lilipopita na kumvuta. Alipofika hapa aliniambia tu kwamba alichelewa. Na alikuwa amemkataza Mukendi asiniambie kuwa ombi ni lake.

Niliumia. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kwenda kulisema kanisani kwetu. Muda wote huo nilikuwa namwona Mukendi kama mtu anayeninyang'anya mtoto, kumbe mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba nafasi ya kupumua. Halafu nikaona aibu, maana mimi nilikuwa nafurahia kila kilomita inayotimia na yeye alikuwa anaiogopa barabara.

Nilimwambia Mukendi nitakubali kwa sharti moja: gari litakapofika elfu tano na mafuta hayo mapya, lije mara hiyo tu niyaone kwa macho yangu. Ndivyo ilivyokuwa juma lililopita. Jaël alifika Jumanne jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Amekonda kidogo, lakini anacheka. Alikula samaki wawili, akalala.

Asubuhi nikafungua boneti. Nilivuta kijiti cha kupimia, nikayasugua mafuta katikati ya vidole. Yalikuwa meusi, kama mafuta yote ya dizeli, lakini yalikuwa laini, hayana chenga. Nikadondosha tone kwenye kipande cha karatasi na kusubiri. Lilitawanyika vizuri, halikuacha tope katikati. Jaël alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia jinsi alivyokuwa anapumua.

"Papa, huile iko aje?" akauliza.

Ningesema mafuta ni mabaya, angeniamini. Hata Mukendi angeniamini, pamoja na majibu yake ya laboratwari. Na mimi ningekuwa na siku yangu, na nyingine baada ya hiyo, mpaka nife.

"Iko muzuri," nikamwambia. "Enda nayo. Itafika elfu kumi."

Akanishika bega. Tangu mama yake atutoke alikuwa hajanishika bega hivyo, na nikajua jinsi jambo hilo lilivyokuwa linamlemea. Basi hapakuwa na kazi tena uani. Mafuta hayakumwagwa, filtre haikufunguliwa, na kabla ya saa sita alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

Nilimfuata mpaka dirishani. Nikajikaza nikasema: "Siku ingine ukuye bila gari."

Alinitazama. Hakuwa ananidharau, alikuwa anauliza kwa kweli. "Sasa minye ntasema nimekuya kufanya nini, Papa?"

Miaka minne yote tangu mama yake afariki, mimi na yeye tumeongea habari za filtre, mikanda na matairi. Mengine yote mama yake ndiye aliyekuwa anayasema kwa niaba yetu, na alipoondoka hatukujua pa kuanzia. Nikamwambia aangalie tairi la nyuma upande wa kulia. Akaitika, akaondoka.

Niko mpweke, Yaya. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na huenda ukaniona mzee amelegea. Watu wa kanisa huja, tunasali, wanaaga. Redio inasema, mimi naijibu. Juzi nilifagia uani mara mbili, na hapakuwa na hata doa la mafuta la kufukia kwa mchanga.

Nisalimie shemeji Kalenga, na umwambie apunguze chumvi. Nisalimie Josée na mumewe, na mjukuu wako Shalom, ambaye nasikia sasa anasema Kibemba tupu. Mwambie ana babu huku. Mungu awalinde, awape afya na chakula cha kutosha, na wewe akupe magoti mapya ukizidi kumsumbua kwa nyimbo zako.

Nina ombi moja. Jaël hukuandikia wewe kwenye WhatsApp, kila akipata réseau, najua, kwa sababu habari zake nyingi nazisikia kutoka kwako. Mwambie kwamba lile jibu nililokosa pale dirishani ninalo sasa. Aje kukaa. Hakuna kingine cha kufanya, aje kukaa tu, hata kama ni mara moja kwa mwaka, na apande basi, asiendeshe.

Na kama atakawia kuja, usinitafutie sababu ya kuniambia, Yaya. Zamani asipokuja nilijipa sababu mwenyewe, nilikuwa nasema gari bado halijatimiza kilomita; sasa sitaki sababu nyingine.

Mdogo wako anayekupenda bila kupunguza,
Godefroid