Mpini wa Bibi Shaikha

Muscat, 8 Novemba 2024

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai mguu umepoa na dada Bashayer hakuchoshi huko Unguja. Sisi wazima, alhamdulillah. Mjukuu wako Rahaf ameanza chuo, na bado anadai hakuna chapati kama zako. Ujumbe wa sauti umeukataa, basi nakaa kitako niandike.

Ile bastola ya babu Thabit inaingia kwenye maonyesho ya silaha za kale. Maan, mkusanyaji wa silaha hizo wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kaigeuzageuza mpaka nikaona wivu. Anasema ni ya zamani za kushindilia baruti na kuvisha fataki nyuma ya kila tundu la risasi, na zilizobaki nzima ni chache. Nilivimba kichwa, sikufichi. Kisha akafika kwenye mpini, akasikitika. Umekatwa, ukachongwa ovyo. Amepata mpini mwingine wa kale, na fundi wake ataufunga Alkhamisi.

Mama, nani aliyeiharibu hivi?

Mwanao,
Talal

Unguja, 12 Novemba

Mwanangu Talal,

Wa alaykumu ssalaam. Mguu umepoa, tuuache. Mpe Rahaf hongera zangu.

Haikuharibiwa. Mpini ulikatwa kwa amri ya bibi yangu Shaikha, mke wa huyo Thabit unayemsifu. Mkono wake ulikuwa mdogo, na mume kila mara yuko safarini bara. Akamwita seremala shambani, akamwekea kiganja mezani apime.

Wezi wa karafuu walipokuja, alitoka nayo barazani, akawauliza wanamtafuta nani. Hakuifyatua. Waliondoka, na karafuu zikabaki juu ya majamvi. Alinihadithia mwenyewe, huku anacheka.

Wageni wakiuliza, wanaume wetu wakisema ni bastola ya Thabit, kwa kuwa jina la mke halitajwi mbele ya watu. Ilikuwa heshima, siwalaumu. Lakini tumelificha mpaka wewe, damu yake, hulijui.

Mpini ule usiguswe. Ndipo mahali pekee palipobaki mkono wake.

Mamako

Unguja, 16 Novemba

Talal,

Salamu nyingi. Alkhamisi imepita na wewe kimya. Najua kazi za ofisini Al Khuwair hazikupi nafasi, lakini juzi na jana sikulala vizuri. Niambie tu kama upo.

Mamako

Muscat, 24 Novemba

Mamangu,

Assalaam alaykum, na uniwie radhi. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Barua yako niliisoma ofisini Alkhamisi mchana. Nikaacha mkutano, nikaenda kwa fundi. Mpini mpya alishaufunga, na kusema kweli ulipendeza. Wa zamani ulikuwa kwenye boksi la vipande vya kutupwa. Nikamwambia aurudishe. Maan alinuna, akasema kwa mpini ule bastola haitakaa meza ya katikati, itakaa pembeni. Nikamwambia ikae.

Kisha akaja mjomba Suud, kaona nimeandika jina la bibi Shaikha kwenye kibao cha maelezo. Unamjua kakako. Akaniuliza tangu lini tunawatandazia wageni majina ya wanawake wetu. Nikamjibu, "Mjomba, tumekuwa tukijivunia ujasiri wake na sifa tukimpa mtu mwingine." Akaondoka bila kuaga.

Siku ya maonyesho nimefika nimchukue Rahaf, aliyetangulia. Pembeni pamejaa watu, na katikati yao mjomba Suud, na kanzu yake ya sikukuu, anawasimulia wezi wa karafuu. Kwake walikuwa wengi kuliko kwako. Kila akimaliza anagonga kibao kwa kidole: "Huyu bibi yangu. Mama wa babangu."

Maan alimpa Rahaf aishike. Vidole vyake vilienea kwenye mpini, vikatulia. Mimi nikijaribu, kidole changu cha mwisho kinakosa pa kukaa. Mama, nimejiona mrefu siku ile.

Nakutumia picha.

Mwanao,
Talal

Unguja, 25 Novemba

Mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Sote wazima. Umenipa raha ambayo sikuitarajia tena, na mwambie Suud nimemsamehe mengi.

Picha nimeikuza mpaka kibao kikasomeka: Bastola ya Shaikha binti Hilal. Nimelisoma kwa sauti, mara ya pili kwa sauti zaidi. Bashayer akatoka jikoni kuniuliza namwita nani, mbona nyumbani tupo wawili tu.

Nikamwambia namwita bibi yangu.

Mamako,
mjukuu wa Shaikha