Mbuzi Tuliyemla Mbezani

Jumapili, 1 Julai 1934

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo, baada ya misa ya pili, Umoja wa Vijana wa kigango chetu hapa Kariakoo umekata shauri. Mishipi yetu ya safari itakuwa ya buluu. Waliotaka nyekundu wameshindwa. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya Padri, na hakuna aliyesinzia.

Mwenyekiti ni Melkiori. Ndiye aliyebuni safari yenyewe: mwezi huu tuvuke Kivukoni, twende kwa miguu mpaka Mbezani, kijiji kisicho na Mkristo hata mmoja, tukahubiri siku mbili. Padri kakubali. Tena kamwambia mbele yetu sote: ukirudi na mavuno mema, nitakuombea nafasi chuo cha ualimu.

Melkiori anapakia magunia bandarini. Bega lake la kulia liliteguka mwaka jana na halijarudi sawasawa. Anapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, watu wanadhani ana maringo. Dada yake Euphrasia kaniambia kando, "Bega hilo halina mwaka mwingine, Damasi. Ni chuo au ni kukaa barazani."

Euphrasia atashona mishipi. Mimi nitaipiga pasi. Kipi nisichopiga pasi mimi! Miaka yote hii kwa dobi nayajua makola ya makarani wa mji mzima, kusoma nimejifunza kwa magazeti tunayofungia mashati yao, na sijapata kuvuka hata Kivukoni. Miguu inaniwasha.

Jumatano, 4 Julai

Kwata jioni, Mnazi Mmoja. Padri katuazimia ngoma kubwa na tarumbeta. Melkiori anasema bila kishindo watu wa Mbezani hawatatoka majumbani. Kweli. Tulipoanza tu, Kariakoo nzima ikatoka. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo akauliza ngoma hii ya nani, mbona wachezaji hawana viuno?

Melkiori hakugeuka, kama sanamu ya mtakatifu. Mimi nilicheka, nikakosa hatua, nikakanyagwa kisigino na wa nyuma.

Jumamosi, 14 Julai

Asubuhi kufyeka makaburini. Mchana mpira na vijana wa mtaa wa Gerezani. Tumefungwa matano. Melkiori kasema tumejifunza unyenyekevu — basi tumejifunza mara tano. Jioni nyimbo.

Siwezi kukaa mahali pamoja. Jana nimeunguza kola ya karani. Tajiri yangu kanitazama tu. Afadhali angetukana.

Jumapili, 22 Julai

Tumerudi! Nyayo zinawaka, moyo hautulii. Niandike taratibu.

Tumefika Mbezani juzi alasiri. Watu tisa, Euphrasia naye akiwemo, mishipi ya buluu, ngoma mbele. Hatujafika hata uwanjani, kijiji kizima kimejipanga pande mbili na wanawake wanapiga vigelegele. Nikadhani kuna harusi. Kumbe ni sisi! Mbele kasimama mzee mwenye kofia ya askari wa zamani na nishani ya bati kifuani. Jina lake Mzee Safari. Melkiori kampa shikamoo, kaitika marahaba, halafu kauliza:

"Kingi wenu nani?"

Melkiori hakusita, hapo namsifu. "Mfalme wetu ni Yesu Kristo, baba."

"Mbona hakuja?"

"Hamumwoni kwa macho. Lakini yuko pamoja nasi."

Mzee Safari kageuka nyuma. "Leteni kiti!"

Kikaletwa kiti kizuri kuliko vyote, kikawekwa katikati, asikikalie mtu. Chakula kilipokuja — wali wa nazi na mbuzi mzima — sahani ya kwanza ikawekwa juu ya kile kiti. Melkiori machozi yakamtoka. Kaninong'oneza kwamba imani kama hii hajaiona hata Kariakoo.

Jioni ile sahani ilikuwa tupu. Sitaandika nani aliyekula. Ilikuwa nyama ya paja.

Melkiori kahubiri siku mbili. Wamesikiliza vizuri ajabu. Kila tulipomaliza wimbo walipiga makofi, kisha wakajibu kwa wimbo wao — na wao wana tarumbeta mbili! Leo alfajiri tunaaga, Mzee Safari kamshika Melkiori mkono. Mwezi ukiandama tutakuja kwenu, kasema. Sote.

"Kanisani, baba?"

"Popote mlipo."

Njia nzima Melkiori alikuwa anaruka kama ndama. Hata bega kalisahau.

Jumatatu, 23 Julai

Balaa.

Asubuhi nimemkuta Bi Mauza, mwenye nyumba wangu, uani anapepeta mchele. Shikamoo, marahaba. Akauliza tulikwenda kufanya nini huko, mbona nimerudi nang'aa hivi? Nikamsimulia. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Mlikwenda na ngoma?"

"Ndiyo, Bi Mauza."

"Na tarumbeta? Na nguo za sare?"

"Na mishipi."

"Wakawachinjia?"

"Mbuzi."

"Mkala?"

"Bi Mauza, tulikuwa tunatembea tangu alfajiri —"

Kaweka ungo chini, kacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

Mbezani, kumbe, wana ngoma ya beni: makofia, vyeo, Kingi wao ndiye huyo Mzee Safari. Wametuona sisi wakajua ni beni ya mjini imekuja kushindana. Na desturi ya ngoma ni moja pwani nzima: ukienda kwa watu ukala, umewaalika. Mwezi ujao wanakuja kwako, wote, na watoto wao. Wasiposhiba wanakutungia wimbo wa aibu, na wimbo huo utausikia mpaka kwa wajukuu zako.

"Mimi nimecheza lelemama, mwanangu," kasema. "Sisi wanawake ndio tuliokuwa tunaogopwa. Tumekwenda kula Bagamoyo. Bagamoyo walipokuja huku, tulipika siku mbili tusilale."

"Kwa hiyo hawaji kwa ajili ya dini?"

"Dini wanayo. Wanakuja kula."

Na Melkiori leo hii kabla ya kwenda bandarini amepita kwa Padri, kamwambia kijiji kizima cha Mbezani kinakuja kuomba dini.

Ijumaa, 27 Julai

Neno la Bi Mauza sijamwambia mtu. Nimekwenda Kivukoni nikarudi. Nimekwenda Mnazi Mmoja nikarudi. Nimwambie Melkiori? Nisimwambie? Kila nikimkuta ananikumbatia kwa mkono mmoja na kusema, Damasi, tumeona makubwa.

Leo nimemwambia Euphrasia, bombani. Hakucheka. Kaweka ndoo chini.

"Kaka hajui kusema uongo. Ukimwambia leo, kesho Padri anajua. Keshokutwa yuko chini ya gunia, na safari hii bega halitateguka tu."

"Na nisipomwambia?"

"Wakija, wakaimba, wakashiba, Padri akauona umati ule kwa macho yake — atamwombea nafasi. Huko chuoni nani atakuja kuuliza walikuja kufanya nini?"

Nikamwambia hilo si jambo la Kikristo sana.

"Na ile nyama ya kitini, uliila Kikristo?"

Kumbe aliniona.

Basi tumekubaliana. Tupike.

Jumapili, 5 Agosti

Padri katangaza kwenye misa. Mjumbe wa Mzee Safari ameleta siku: tarehe kumi na tano. Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria! Padri anasema siku hiyo imechaguliwa na Roho. Wakristo waombe. Wageni wataandaliwa chai na mkate.

Chai na mkate! Kule upande wa wanawake nikamwona Euphrasia ameinamisha kichwa, na si kwa sala.

Baada ya misa kamwendea Padri, kamwomba mbuzi wawili wa misheni. Padri kawatoa, kasema wageni na waonje ukarimu. Mtu mwema. Ndiyo maana nimetoka kwa mlango wa pembeni.

Jioni nimempigia Bi Mauza magoti. Hakunikawiza — nadhani alikuwa ananisubiri tangu siku ile. Wenzake wa lelemama watapika. Mchele, nazi, masufuria ya harusi, hayo atayatafuta yeye. Mpwa wake Abbasi atachinja.

"Maana akichinja Mkristo wako, wageni wale Waislamu watakutazama tu na njaa zao. Ulilifikiria hilo?"

Sikulifikiria.

Sharti lake: lelemama nayo icheze. Na Mbezani wakitualika tena, akina mama nao waende. Nikakubali. Sasa nimeahidi kwa niaba ya kanisa kitu ambacho kanisa halikijui, kwa watu wasio wa kanisa. Hata askofu hana madaraka hayo.

Jumatatu, 13 Agosti

Mwezi umeandama. Nimeunguza suruali.

Melkiori anapanga mabenchi na kuyapangua. Bega limevimba, wiki hii kuna meli ya saruji. Kaniuliza, wakiomba ubatizo wote kwa pamoja, tuanze na wazee au watoto? Nikasema wazee. Kanishukuru! Nimetoka mbio kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

Jumatano, 15 Agosti

Naandika nimekaa juu ya kinu, uani nyuma ya kanisa. Moshi machoni. Ngoma bado inalia upande wa barabarani.

Wamekuja! Zaidi ya themanini. Tarumbeta zimesikika tangu Mnazi Mmoja, na nusu ya Kariakoo nyuma yao. Padri kasimama mlangoni mikono wazi. Mzee Safari kampigia saluti. Padri hakujua saluti inajibiwaje, kambariki.

Wameingia, wamekaa kwenye mabenchi, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Wameimba. Padri macho yakamlowa. Halafu akafanya nisilolitazamia. Akamwita Melkiori mbele, maana Mzee Safari akiwa mbele ya watu wake husema Kizaramo, na Padri Kizaramo hakipati.

"Waulize wanataka nini kwetu. Waseme kwa vinywa vyao wenyewe."

Melkiori kauliza. Mzee Safari kasimama, kavua kofia, kajibu kwa adabu na kwa sauti. Na nusu ya kanisa tunakijua Kizaramo! Kasema kwamba sisi tulikwenda kwao tukacheza vizuri, ingawa viuno vigumu. Tukala. Sasa na wao wamekuja kula. Na harufu inayotoka uani inawapa matumaini.

Melkiori kaganda. Akanitazama mimi. Akamtazama dada yake. Nikaona ameelewa yote, pamoja na habari yetu sisi wawili.

"Amesemaje?" kauliza Padri.

Hapo angeweza kusema lolote. Padri asingejua. Euphrasia alikuwa anamchezeshea midomo: wanataka dini, sema wanataka dini. Na sisi tunaojua Kizaramo sote tumetazama sakafu. Hakuna ambaye angemsuta.

"Amesema wamekuja kula, Padri. Walituona na ngoma wakadhani tumekwenda kushindana. Si kosa lao. Mimi sikuelewa."

Nje mbuzi wa jirani akalia. Padri alisimama vile vile, mikono imeshuka. Akamtazama Mzee Safari, Mzee Safari akamchekea.

"Basi wale," kasema Padri.

Wamekula! Bi Mauza kasimama juu ya masufuria kama jemadari, hakumruhusu mtu kugusa upawa. Mzee Safari kaongezewa mara tatu, kisha katangaza kwamba wimbo wa aibu hakuna, na mwakani kwao ni ng'ombe. Vigelegele! Akina mama wa lelemama wameingia uwanjani. Watoto wa katekisimu wanacheza beni, na hakuna wa kuwakataza, kwa sababu anayewakataza siku zote ni Melkiori.

Melkiori yuko ofisini kwa Padri. Ameitwa wageni wakiosha mikono, mlango ukafungwa. Mimi sijala. Euphrasia amekaa kwenye ngazi ya ofisi. Nimekwenda kusimama karibu yake, nikaondoka, nikarudi.

"Ungemwambia mapema," kasema.

"Wewe ndiye uliyenikataza."

"Najua."

Nikarudi kwenye kinu.

Katoka. Kapita mbele ya dada yake, kaja huku uani moja kwa moja, kachukua birika la maji kwa mkono wa kushoto, kaanza kuwamiminia wageni. Hana uso wa hasira. Euphrasia kamfuata mpaka hapa nilipo.

"Padri kakasirika?"

"Hapana."

"Kasema nini basi?"

"Kaniomba radhi."

Nikadhani moshi umeniingia masikioni. "Radhi ya nini?"

Kuna bibi wa Mbezani aliyekuwa amekinga kikombe. Melkiori kammiminia mpaka kikajaa, kasubiri anywe, kammiminia tena.

"Aliponiahidi alikuwa anajua: chuo cha ualimu kilijaa tangu mwezi wa sita."