Daftari Langu la Kisima

Bunju, Jumatano

Salma mjukuu wangu, huna adabu. Unamwambia bibi yako "data zipo salama" na wala huwezi kunirudishia.

Fundi anakuja Jumamosi kuongeza kina cha kisima. Anataka kujua wakati wa kiangazi maji hushuka mpaka wapi. Mie nilikuwa napimaga kila asubuhi kwa kamba yenye mafundo, miaka mitatu, naandika tarehe na mafundo mstari mmoja. Watafiti wa maji wa kazini kwa Salma wakalichukua daftari, wakayaingiza yote kwenye kompyuta.

Leo namuuliza, ananijibu, "Bibi, tarehe zipo kwenye kompyuta ya ofisi yetu hapa, vipimo vipo kwenye ya Dodoma. Kuvikutanisha mpaka kibali."

"Nani aliwatuma kuvitenganisha?"

Anachezea simu.

Kosa langu nalijua. Waliniita mtafiti mwenzao, nikavimba kichwa, nikatoa daftari bila kubaki na nakala. Fundi akikisia tu, kisima kitakauka tena, na mie na umri huu nikaombe ndoo kwa jirani...

Kompyuta zao zikutane zikitaka. Kesho Salma asinipigie hodi mikono mitupu. Aje na daftari langu, lenye tarehe na mafundo mstari mmoja.