Kulaki si Kuvizia

Kaka yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Huku hatujambo, ila paa la ghala linavuja upande wa mizani, na paka amezalia kwenye magunia matupu. Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Barua haikatiki, kaka. Utaisoma tu, hata kwa kununa.

Najua shemeji yako ameshakupasha habari zake. Amekuambia nimekuwa mkaidi, dini imenijaa kichwani, nataka kuifilisi biashara aliyotuachia baba. Basi nisikilize na mimi.

Alipofika hapa alisema umemtuma awe anawalaki wakulima. Mimi, mjinga wa watu, nikafurahi. Nilidhani ni ile heshima tuliyofunzwa: mgeni anatoka mbali, unamtokea njiani, unampokea mzigo. Kumbe kuwalaki kwenyewe ni kukaa pale kwenye kona ya barabara kuu, kusimamisha malori na kuwaambia watu kwamba soko limefurika vitunguu hadi vinaoza, wauze palepale au warudi navyo kwao. Kaka, huko si kulaki, ni kuvizia.

Jumatatu akaja mama mmoja mkulima wa ng'ambo ya nyanda kame, aliyesafiri siku mbili juu ya magunia yake. Alikuwa ameshamuuzia shemeji yako pale kona, na vitunguu vyake vilikuwa ghalani kwetu vikisubiri lori la kuja kwako. Akapita kuomba maji. Akaniuliza kama mimi ni ndugu wa yule bwana aliyewalaki vizuri, hata soda akawanunulia. Akanishukuru, kaka! Kaibiwa, na shukrani juu. Nilitamani ardhi ipasuke, maana hapo nje wachuuzi walikuwa wanauziana vitunguu kama vyake kwa bei maradufu.

Nilipokupigia ukanijibu kuwa biashara ni biashara, dini tuiache msikitini. Ebo! Hiyo dini ilianzia wapi kama si kwenye mji wa wafanyabiashara? Bonde kavu, hata mchicha hauoti, kila tonge lililetwa na msafara. Aliyetoka jangwani hakujua bei ya mjini, na aliyemtokea njiani aliijua vizuri. Mtume mwenyewe alikuwa amesafiri na misafara hiyo, hila za njiani hazikumpita. Ndiyo maana akakataza kuulaki msafara kabla haujafika sokoni, na aliyeuza njiani akapewa hiari ya kuvunja mauzo akishafika. Leo badala ya ngamia tuna lori, basi. Na usiniambie wana simu za kuulizia bei. Ng'ambo kule mtandao haushiki, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa jambo lenyewe. Uliambiwa lori lako la Alhamisi limeharibika. Halikuharibika, halikuwa na cha kubeba. Nilimweleza yule mama bei ya soko, nikamweleza na hiari yake. Akarudisha pesa zetu zote, nami nikamfungulia ghala, akatoa magunia yake akauza mwenyewe mchana kweupe. Aliyemshikia mizani ni mimi. Hakuna aliyenishurutisha, na likija lori jingine nitafanya vivyo hivyo.

Umesema utamtuma shemeji yako aje achukue funguo. Asijisumbue, nimebadilisha kufuli. Wazazi hatunao, tumebaki wawili, na mirathi unaijua: theluthi mbili zako, moja yangu. Miaka yote sikuidai kwa kuwa nilikuona wewe ndiye baba. Sasa naidai. Kadhi alikuja na wazee, tukalipima ghala kwa kamba, na theluthi yangu nimeichukua upande wa sokoni. Ukiona nimekupunja, njoo upime mwenyewe. Upande wako ni mkubwa mara mbili, ila hauna mlango.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akuzidishie afya.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, ninayekupenda na nisiyekuomba radhi.