Maziwa ya Jioni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeweka sahihi! Maziwa ya jioni pia yataenda kwa tangi la kupoza la ushirika, kwa namba yangu ya uanachama. Weldon, mwenyekiti wetu, alinishika mkono mbele ya watu — ati Kipyegon ndiye mkulima wa kisasa. Nimerudi kutoka Olenguruone nikitembea kama chifu.

Nikamwambia Mama Chesang. Alikuwa anachuja chai. Akauliza, yote? Nikasema yote. Akasema sawa. Nilidhani mke wangu atafurahi, kazi ya kupimia majirani maziwa imeisha. Lakini alisema sawa tu, akaendelea kuchuja.

Alhamisi, 5 Juni

Ng'ombe mweusi amenipiga teke. Mama Chesang alikuwa kwa mkutano wa akina mama kanisani, nikasema nikamue mwenyewe. Wapi! Alibana maziwa yote. Amezoea mikono ya Mama Chesang.

Halafu mwalimu Jebet akaja na jagi lake, kama kila jioni. Nikamwambia hatuuzi tena hapa. Akauliza kama Mama Chesang ni mgonjwa. Nikasema hapana, ni maendeleo. Alitazama jagi, akarudi nalo.

Jumapili, 8 Juni

Chesang amepiga simu kutoka chuo, Njoro. Hata salamu hakuna. Ati Baba, unajua godoro langu la hosteli lilitoka wapi? Viatu? Vitabu? Nikamwambia mimi ndiye nalipa karo. Akasema karo ndiyo, hayo mengine yote ni maziwa ya jioni ya mama. Sasa akitaka hata chumvi akuombe? Akakata.

Mtoto niliyemzaa mimi, haki! Nimekasirika mchana wote. Kwani mimi ni mwizi?

Lakini jioni nikamkumbuka baba yangu. Mtu mkali, kila mtu alimwogopa. Na hakugusa maziwa ya jioni hata siku moja. Ya asubuhi yalikuwa yake, ya jioni ya mama yangu. Hakuna mahali iliandikwa. Ilijulikana tu. Mimi nimeenda nikaweka sahihi juu ya kitu ambacho si changu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda ofisini kwa Weldon. Nikasema nataka maziwa ya jioni yabaki nyumbani. Akasema tulikubaliana mwaka mzima. Nikauliza, basi yaandikwe kwa jina la mke wangu? Akasema hiyo inawezekana, fomu ziko, leta mama aweke sahihi.

Halafu akapaza sauti watu wasikie: kumbe kwako suruali inavaliwa na mama!

Wakacheka. Na mimi nikacheka! Nikasema, ah, nilikuwa natania. Nikatoka bila fomu. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni

Heri angenigombeza. Hagombani. Anapika, anafua, ananiuliza kama nimeshiba.

Leo ameniomba nauli ya kwenda kumwona dada yake mgonjwa. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, hajawahi kuniomba nauli. Alisimama mlangoni kama mgeni. Nilipompa alipokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea unga wa msaada. Nikaenda nyuma ya banda nikalia. Mzee mzima.

Jumanne, 17 Juni

Semina imefanyika hapa kwetu. Madam Rahab, afisa wa kilimo, aliipanga tangu mwezi jana: wanaume wanaoinua wake zao shambani. Mfano ni mimi! Kwa sababu mwaka juzi nilimwachia Mama Chesang nusu eka ya viazi. Nilijaribu kukataa. Sikujaribu sana.

Weldon alikaa mbele kabisa. Niliongea. Niliyosema sitayaandika, naona haya.

Madam akasema tumsikie mama mwenyewe. Akasimama, akatazama chini. Akasema: mume wangu amenipunguzia kazi. Zamani jioni nilikuwa nakamua, napimia watu, nagandisha mursik ya kuuza, naweka changu kidogo. Siku hizi nakamua tu. Akakaa.

Wakapiga makofi! Weldon ndiye alipiga zaidi. Madam Rahab alianza, akaacha, akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Wageni wameenda, amebaki Weldon na pikapu yake getini. Ati abebe maziwa yetu akipita. Mama Chesang ameshakamua. Amekaa nje kwa kiti cha wageni, bado na nguo ya kanisa, ndoo imejaa mapajani. Anatazama dirisha hili. Anajua niko hapa mezani.

Honi. Weldon anaita, boss, maziwa!

Si jambo kubwa. Ni kutoka nje na kusema leo hayaendi, ni ya mama. Maneno hayafiki hata kumi. Atacheka, na acheke. Nimesimama. Nimekaa tena.

Honi ya pili. Mama Chesang ameinuka na ndoo. Anaelekea getini, polepole, polepole kuliko uzito wa ndoo unavyodai. Amesimama katikati ya uwanja kubadilisha mkono. Ananingoja, naona vizuri kabisa kwamba ananingoja — na mimi bado niko hapa, naandika