Jeneza Lililokwama Mlangoni

Jumatatu, 3 Juni

Dada kapiga simu. Baba anataka kuja klabuni Jumamosi, anione kazini. Miaka tisa nachekesha watu pale, hajawahi kukanyaga. Nikasema muziki ni mkubwa, utamuumiza masikio. Dada akasema mzee keshapiga pasi suti.

Tatizo: jukwaani baba ni marehemu. Namzika kila Jumamosi. Jeneza linakwama kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake, wabebaji wanalaumiana, shemeji anakwenda kuazima msumeno – hapo watu hawana mbavu. Kufa kufaana. Jeneza hilo ndilo linalotulisha.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaribu kisa kipya, cha daktari wa meno. Kimya! Mmoja alikohoa, nikamshukuru. Meza ya nyuma wakauliza mzee anazikwa saa ngapi.

Mwenye klabu ananiheshimu, kwa hiyo alinisema faraghani: Jumamosi nizike, au nisirudi tena. Mama watoto anasema niende kwa mzee nikamwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Kweli kabisa. Nina miaka arobaini na moja na bado namwogopa baba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda. Alikuwa karakanani, anapiga randa. Tukaongea habari za mvua. Nikarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Niko chumba cha nyuma, katikati ya kreti za soda. Zamu yangu bado dakika kumi.

Baba aliingia hapa na suti yake, akakaa juu ya kreti. Anajua! Fundi mwenzake alimwonyesha video yangu kwenye simu tangu mwaka jana. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Kufa hakumsumbui, akasema, kila mtu atakufa. Shemeji nimempatia sana, ndivyo alivyo.

"Ila ule mlango, mwanangu. Upana futi tatu na inchi mbili. Jeneza linapita na nafasi inabaki. Tangu video ile izagae, sijaagizwa mlango hata mmoja."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nilingoja uje uniambie. Jana nikakuona, nikasema haya, leo ndiyo leo. Ukaniletea mvua."

Akasimama, akavuta koti likakaa sawa. Leo jeneza nilipitishe, akasema, akaenda kukaa safu ya mbele. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilizozomewa.

Basi nimejaribu kulipitisha, hapa hapa kwenye karatasi. Linatoka bila kugusa. Wabebaji hawana ugomvi. Shemeji hana kazi. Tunafika makaburini, tunamzika baba, tunarudi nyumbani na yeye hayupo. Nimesoma mara mbili, hakuna pa kuchekea. Mara ya pili ilibidi nifute macho.

Mshereheshaji keshanitaja. Ukumbi unapiga meza, wanataka mazishi. Nimechungulia pazia – baba naye anapiga.